Kibanda cha Kokpiti Kisichovuja kwa Boti ya Matanga: Mwongozo Kamili kwa Mabaharia wa Lamu

Boti ya matanga ya kisasa ina sehemu ya wazi tezini (upande wa nyuma) anapokaa msukani pamoja na abiria wake, nayo ndiyo tutakayoiita kokpiti katika mwongozo huu. Hapo ndipo watu hushinda: hapo chombo huendeshwa, hapo chakula huliwa, na wengi hulala hapo usiku kwa sababu chini ya sitaha kuna joto. Wakati wa masika, hasa mwezi wa Mei ambao ndio wenye mvua nyingi zaidi Lamu, kokpiti haikaliki bila kinga, na katika miezi ya kaskazi (upepo wa kaskazini-mashariki) jua la saa sita mchana huifanya isikalike vilevile. Maelezo yanayofuata yanahusu kubuni na kutengeneza kibanda cha kitambaa chenye fremu ya chuma, kinachoweza kufungwa pande zote na kufunguliwa kwa muda mfupi, kwa boti yenye urefu wa kati ya mita 9 na 12.

Michoro mingi ya vibanda vya aina hii imetoka nchi za baridi, ambako lengo la kwanza ni kuhifadhi joto. Mbunifu wa huko huanza na kuta, kisha hutafuta mahali pa kuweka dirisha. Kwetu utaratibu huo unapaswa kupinduliwa: tuanze na paa na njia za hewa, tufuate na macho ya msukani, na kuta zije mwisho zikiwa mapazia ya kuviringishwa. Kibanda kilichozuia mvua yote lakini kikawafanya watu watokwe jasho ndani yake kitavuliwa ndani ya mwezi mmoja na kutupwa chini ya sitaha, na fedha zote zilizotumika zitakuwa zimepotea.

Tazama maji na upepo kabla ya kupima

Kazi ya kwanza ni kutazama. Boti iliyotiwa nanga mahali pasipo na mkondo huelekeza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kwenye upepo, na mvua huipiga kutoka mbele. Ndiyo maana vibanda vingi vya kununuliwa vina kinga imara mbele na uwazi mkubwa nyuma. Katika mlangobahari ulio kati ya Lamu na Manda, mambo hayaendi hivyo. Maji hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50, na wakati wa bamvua (siku za maji makubwa) tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika kiasi cha mita 3. Maji mengi namna hiyo yanapopita kwenye njia nyembamba, mkondo hushinda upepo, na boti hugeuka kufuata mkondo.

Matokeo yake ni haya. Kusi (upepo wa kusini) inapovuma na maji yakawa yanajaa kutoka upande wa Shela, omo huelekea baharini na mvua huja kutoka mbele kama michoro inavyotarajia. Saa chache baadaye maji huanza kupwa, boti hugeuka, na sasa tezi ndiyo inayoikabili kusi. Mvua iliyokuwa ikizuiwa na kinga ya mbele huingia moja kwa moja kupitia nyuma, mahali ambapo mbunifu wa ng'ambo hakuweka chochote. Wakati wa kaskazi upepo huja zaidi kwa ubavu. Kwa hiyo ukuta wa nyuma wa kibanda cha Lamu si nyongeza ya anasa. Unastahili kitambaa kizuri, mishono imara na upindo mrefu sawasawa na ule wa mbele.

Chagua siku moja ya bamvua na nyingine ya maji mafu (maji yanapojaa na kupwa kidogo), ufunge vitambaa vyepesi kwenye pembe nne za kokpiti, na uandike kila saa omo linaelekea wapi, upepo unatoka wapi, na jua linaingilia upande gani. Lamu iko zaidi kidogo ya digrii 2 kusini mwa ikweta, na jua hupita juu ya utosi katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Kivuli cha saa sita kinaletwa na paa peke yake, lakini jua la asubuhi na la alasiri huingia chini ya paa kwa mlalo, na hapo ndipo mapazia ya pembeni yanapohitajika hata siku isiyo na wingu. Kwa mtu anayetia nanga Malindi, ambako boti hukaa wazi zaidi kwa mawimbi ya bahari kuu, aongeze jambo moja kwenye daftari: boti huyumba sana, na kila anayesimama hushika bomba lililo karibu naye. Fremu yake ibuniwe kubeba uzito wa mtu, hata kama fundi atasema kazi yake ni kubeba kitambaa tu.

Macho ya msukani na nafasi ya mikono

Mkalishe msukani mahali pake, kisha msimamishe, na mara zote mbili pima kimo cha macho yake kutoka sakafu ya kokpiti. Nyosha kamba nyembamba kwa kimo hicho kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakuna upindo, mshono wala bomba linalopaswa kupita katika mstari huo upande wa mbele. Anahitaji kuona omo kwa pande zote mbili, winchi (gurudumu la kukazia kamba), na sehemu ya juu ya tanga kuu. Kwa ajili ya tanga, weka kidirisha cha plastiki angavu kwenye paa juu ya kichwa chake, chenye upana wa sentimita 40 hivi, na ukishonee kifuniko cha kitambaa cha kukunjua, kwa sababu bila kifuniko jua la mchana litapenya hapo na kumchoma.

Kuhusu dirisha la mbele nina msimamo ambao sitaulegeza: ni lazima lifunguke. Usiku kuna mashua na hori zinazosafiri bila taa, na kuna maboya ya nyavu yasiyoonekana hata mchana ikiwa bahari imechafuka. Plastiki iliyorushiwa maji ya chumvi, ikimulikwa na taa za mji, haionyeshi kitu isipokuwa mng'ao wake wenyewe. Msukani awe na uwezo wa kufungua zipu mbili na kuliviringisha dirisha kwa mkono mmoja bila kuacha usukani.

Mipaka mingine ni ya vipimo tu. Kati ya paa na mti wa chini wa tanga kuu acha nafasi isiyopungua sentimita 15, na uipime tanga likiwa limepunguzwa pia, kwa kuwa mwisho wa mti huo huweza kushuka. Mpini wa kawaida wa winchi una urefu wa sentimita 25, hivyo ukuta wowote ukae angalau sentimita 32 kutoka katikati ya winchi ili ngumi isigonge. Kimo cha sentimita 190 kutoka sakafuni kinawatosha watu wengi. Kila sentimita inayozidi hapo inaongeza eneo linaloshikwa na upepo.

Nguvu ya upepo kwa hesabu

Upepo wa noti 20, sawa na mita 10 kwa sekunde, husukuma uso uliosimama wima kwa nguvu ya karibu kilo 6 kwa kila mita ya mraba. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne: kwa noti 40 ni kama kilo 24 kwa mita ya mraba. Ukuta wa pembeni wenye urefu wa mita 2 na kimo cha mita 1 utakuwa unavuta fremu kwa karibu kilo 48, tena kwa mishtuko. Kibanda kizima kinaweza kuwa na eneo la mita za mraba 4 au zaidi kwa upande mmoja, na eneo hilo ni sawa na tanga dogo lililotandazwa tezini ambalo huwezi kulilegeza demani (kamba ya kukazia na kulegezea tanga). Litaisukuma tezi, litaifanya boti ikatae kugeuka wakati wa kubisha (kwenda kinyume cha upepo kwa kupindapinda), na litaiongezea nanga kazi. Sheria ninayoipendekeza ni hii: kwa noti 25 kuta zote ziviringishwe isipokuwa ya mbele, na kwa noti 35 paa nalo livuliwe kabisa. Kwa hiyo paa lishonwe kwa namna ambayo watu wawili wanaweza kulivua kwa dakika chache, likiwa limeshikwa kwenye mabomba kwa mifuko yenye zipu badala ya kushonewa moja kwa moja.

Fremu

Kabla ya kumpelekea fundi wa kulehemu mchoro wowote, tengeneza fremu ya majaribio kwa mabomba ya plastiki ya maji, viungo vyake vya kona na kamba. Yafunge kwenye nguzo za pembeni, uweke shuka kuukuu juu yake, na uishi nayo kwa wiki moja. Safiri nayo mara moja hadi Manda Toto na kurudi. Utagundua ni bomba gani linalomgonga mtu kichwani anapopanda kutoka kwenye hori, na lipi linazuia kamba ya demani. Kulisogeza bomba la plastiki ni bure, lakini bomba la chuma lililokwisha kupindwa na kulehemiwa halirudi nyuma.

Chuma kinachofaa ni kile kisichoshika kutu cha daraja la 316, chenye kipenyo cha milimita 25 na unene wa ukuta wa milimita 1.5 hadi 2. Daraja la 304 ni rahisi kupatikana na bei yake ni nafuu, lakini kwenye hewa ya chumvi hutoa madoa ya kahawia mapema, na madoa hayo huhamia kwenye kitambaa. Watu wengi hudhani sumaku itawaonyesha tofauti. Haitaonyesha, kwa kuwa madaraja yote mawili kwa kawaida hayavutwi nayo. Nunua kwa muuzaji anayeweza kukuonyesha alama au karatasi ya bidhaa. Alumini ni nyepesi na inafaa kwa reli za pembeni, ila usiigusanishe na chuma hicho bila kuweka kipande cha plastiki katikati, kwa sababu maji ya chumvi yakikutana na metali mbili tofauti, alumini huliwa.

Matao mawili yanatosha kwa boti ya mita 9, na matatu kwa boti iliyo kubwa zaidi. Yaunganishe kwa bomba la mlalo kila upande na uweke mihimili ya kukingama kwenye pembe za nyuma. Bila mihimili hiyo matao yatakuwa yakitikisika mbele na nyuma kila wimbi linapopita, na mishono ya kitambaa ndiyo itakayoumia.

Namna ya kufunga miguu ya fremu inahitaji uangalifu mkubwa kuliko fremu yenyewe. Sitaha nyingi za faiba zina ubao laini au povu katikati, na tundu moja lisilozibwa vizuri huingiza maji yatakayoozesha ubao huo bila wewe kuona. Toboa tundu kubwa kuliko bolti, ujaze gundi ya epoksi hadi juu, uiache ikauke, kisha utoboe tena tundu la ukubwa wa bolti katikati ya epoksi hiyo. Tumia bolti zinazopita hadi chini, zenye nati na bamba pana la kugawa uzito. Skrubu zilizoishia ndani ya faiba zitang'oka siku mtu atakaposhika bomba boti ikiyumba. Ikiwa chombo chako ni cha mbao, kilichoundwa Matondoni au kwingine, tafuta boriti ya sitaha au taruma (mbavu ya chombo) na ufunge hapo, usitegemee ubao wa juu peke yake.

Paa na safari ya maji

Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 6 likinyeshewa milimita 30, ambazo mvua kali ya masika huzileta kwa muda mfupi, hupokea lita 180, yaani kilo 180. Maji hayo yakitiririka hayana madhara. Yakituama, kitambaa huvutika, bonde huongezeka, na maji yanayofuata huongeza uzito mpaka mshono unaachana. Kwa hiyo paa lisiwe tambarare mahali popote. Kwa upana wa mita 2, katikati pawe juu ya kingo kwa sentimita 10 hivi, na paa zima lishuke kidogo kuelekea upande mmoja, mbele au nyuma. Paa linaloonekana limenyooka vizuri likiwa kavu linaweza kutengeneza dimbwi likilowa, hivyo lipime kwa ndoo ya maji wala usitegemee macho.

Kila kiungo cha kibanda kifuate kanuni ya makuti: cha juu kikilalie cha chini, ili maji yasipewe nafasi ya kuingia yanaposhuka. Kitambaa cha paa kiteremke sentimita 8 hadi 10 chini ya zipu inayoshika ukuta. Kila zipu iwe na kifuniko cha upana wa sentimita 5 kilichoshonwa upande wa juu wake. Kifuniko cha zipu ya wima kielekee nyuma, ili mvua inayoletwa na mwendo wa boti iteleze juu yake. Ukingo wa chini wa ukuta upite nje ya ukuta mfupi wa kokpiti kwa sentimita 5 au zaidi, ili maji yadondokee sitahani. Ukiishia ndani, kila tone lililozuiwa juu litaingia chini, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kwenye boti zinazopita hapa.

Kwa kuwa umekwisha kuyaongoza maji, yakusanye. Shonea upindo uliosimama wa sentimita 3 kwenye kingo za paa, uache tundu moja kwenye pembe iliyo chini kuliko zote, na uunganishe mpira wa kupeleka maji kwenye dumu. Maji baridi ya kisiwa cha Lamu hutegemea visima vya mchanga wa Shela, na anayejaza dumu zake kwa mvua ya Mei anavipunguzia visima mzigo. Mvua ya kwanza iache isafishe chumvi na vumbi, kisha ndipo ukinge.

Violezo

Usikate kitambaa kwa kufuata vipimo vya futi kamba. Kuta za kibanda hazina pembe mraba hata moja. Tumia karatasi ngumu ya nailoni angavu, ile ya ujenzi, ambayo haivutiki kirahisi. Ikaze kwenye fremu kwa vibanio na utepe wa gundi mpaka isiwe na mkunjo, na uchore juu yake kwa kalamu ya wino mzito kila kitu: mstari wa katikati ya bomba, mahali pa kila kifungo, njia ya kila kamba, ukingo wa dirisha, na upande wa nje. Andika pia jina la ukuta na mshale unaoelekea omo. Ukuta wa kulia usichukuliwe kuwa ni wa kushoto uliogeuzwa, kwa sababu boti chache zina pande mbili zinazolingana kwa sentimita.

Mpangilio wa kazi ni muhimu hapa. Paa lishonwe na kuwekwa kwanza, likazwe kabisa, ndipo violezo vya kuta vichukuliwe likiwa limekazwa. Fundi akichukua violezo vyote siku moja ili kuokoa muda, paa litakapokazwa litaivuta fremu, na kuta zote zitakuwa fupi au ndefu. Mvumilie anayetaka kurudi botini mara tatu, na umlipe nauli yake kwa moyo mweupe.

Kitambaa, uzi na zipu

Kwa paa na kuta, kitambaa cha akriliki kilichotiwa rangi tangu kikiwa uzi, chenye uzito wa karibu gramu 300 kwa mita ya mraba, ndicho kinachovumilia jua letu kwa miaka mingi. Hakizuii maji kwa asilimia mia, lakini hupumua, na hilo hupunguza ukungu. Turubai la lori lililopakwa plastiki hupatikana kirahisi, halipitishi tone, na bei yake ni ndogo. Hata hivyo lina uzito mara mbili au zaidi, hushika joto, na likikunjwa likiwa na unyevu hutoka ukungu. Ninalikubali kwa ukuta wa nyuma unaotumika siku za mvua tu, na ninalikataa kwa paa. Turubai la pamba, lile la matanga ya mashua, hujikaza lenyewe likilowa, na kivuli chake ni cha baridi kuliko vyote, ila huoza lisipokaushwa. Kuhusu rangi, chagua ya mchanga au kijivu hafifu. Nyeupe huumiza macho kwa mng'ao, na nyeusi hugeuza kibanda kuwa tanuri.

Uzi ndio unaokufa kwanza. Uzi wa nailoni huharibiwa na jua na ule wa pamba huoza. Tumia uzi mnene wa poliesta uliotengenezwa kwa kazi za nje. Kama uwezo unaruhusu, nunua ule wa PTFE (plastiki ya aina ya teflon), ambao bei yake ni kubwa sana lakini jua halina nguvu juu yake.

Zipu ziwe za meno makubwa ya plastiki, namba 10, zenye kichwa cha plastiki au cha chuma kisichoshika kutu. Za metali ya kawaida zitakwama kwa chumvi.

Kushona

Cherehani ya kawaida ya kukanyaga, ikiwa na sindano namba 110, hupita tabaka mbili au tatu za akriliki bila shida. Penye pindo zenye tabaka tano au sita, zungusha gurudumu kwa mkono, au umpelekee fundi mwenye cherehani ya kiwandani inayosukuma kitambaa juu na chini kwa pamoja. Hatua ya mshono iwe milimita 4 hadi 5. Mshono mfupi mno hutoboa kitambaa kwa wingi na kukigeuza kuwa karatasi ya kuchanika. Kunja kingo za kitambaa ndani ya mshono, kila moja ikiikumbatia nyingine, na upitishe mistari miwili ya uzi, huku mkunjo wa nje ukielekea chini. Ukimaliza, sugua mishono yote ya paa kwa nta ya nyuki kutoka upande wa ndani, ili izibe matundu ya sindano.

Madirisha ya plastiki angavu yana mbinu yake. Shona plastiki juu ya kitambaa kizima kwa kuzunguka kingo zote, na baada ya hapo tu geuza upande wa ndani na ukate kitambaa kilicho nyuma ya plastiki, ukiacha sentimita 3 za kukunja. Dirisha litakaa bila mawimbi, kwa sababu halikupata nafasi ya kuvutika peke yake. Unene wa milimita 0.75 unafaa kwa dirisha la kuviringishwa, na wa milimita 1 kwa lile la mbele. Popote plastiki inapokaribia bomba, shona utepe mpana wa kitambaa katikati yake, kwa kuwa chuma kilichopigwa na jua huiunguza plastiki na kuacha mstari wa kahawia usiofutika.

Tengeneza pia seti ya pili ya kuta za pembeni kwa wavu wa mbu, zenye zipu zilezile. Hizi, kwa maoni yangu, zitatumika usiku mwingi kuliko zile za mvua.

Hewa, moshi na njia ya kutokea

Acha matundu mawili ya hewa chini upande wa mbele na mawili juu upande wa nyuma, yenye vifuniko vinavyosimama kama kope ili mvua isiingie. Hewa ya moto hupanda, na bila tundu la juu haitoki hata ukifungua chini.

Injini inapoendeshwa upepo ukitoka nyuma, kibanda kilichofungwa mbele na kuachwa wazi tezini huvuta moshi wa egzosi ndani. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo, injini ikiwaka, dirisha la mbele liwe wazi ili hewa ipite kutoka omo kwenda tezi. Jiko la makaa lisiingizwe kibandani kamwe, hata usiku wa mvua na hata likiwa limebaki majivu ya moto tu, na madumu ya petroli yakae nje.

Kila upande uwe na mlango unaofunguka kutoka ndani na nje, wenye zipu mbili zinazokutana pembeni chini, ili mtu aliyeanguka majini aweze kufikiwa bila mtu kutafuta kifungo gizani. Wafundishe abiria wote kuufungua kabla ya kung'oa nanga, watoto wakiwemo.

Majaribio na matunzo

Kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, funga kibanda chote, aingie mtu mmoja na chaki, na mwingine amwage ndoo za maji kutoka juu, kisha kutoka nyuma, kisha kwa ubavu. Kila penye tone pawekwe alama. Rudia wakati wa upepo, kwa sababu ukuta unaopigapiga hufungua mianya isiyoonekana ukiwa umetulia.

Chumvi iondolewe kwa maji baridi kila mara baada ya safari. Plastiki angavu isifutwe ikiwa kavu, maana chembe za chumvi na mchanga huikwaruza. Imwagiwe maji, isuguliwe kwa kitambaa laini na sabuni isiyo kali, na isiguswe na spiriti, petroli wala dawa za vioo zenye amonia. Mafuta ya kujikinga na jua na dawa za kufukuza mbu huitia ukungu usiotoka, hivyo wageni waonyeshwe pa kushika. Iviringishe juu ya bomba pana pamoja na shuka, usiikunje. Zipu zipakwe nta na zifunguliwe na kufungwa angalau mara moja kwa mwezi, hata zile usizozihitaji.

Kila mwaka, kabla kusi haijaanza, chomeka msumari mwembamba chini ya nyuzi chache za paa na uzivute. Uzi ukikatika kwa nguvu ya vidole, kitambaa chote kishonwe upya kwenye matundu yaleyale wakati bado ni kizima. Plastiki ya madirisha itachoka kabla ya kitambaa, kwa hiyo violezo vihifadhiwe vikiwa vimeviringishwa ndani ya bomba la plastiki, pamoja na mabaki ya kitambaa cha rangi ileile na kidonge kimoja cha uzi uliotumika, ili fundi yeyote atakayekuja baadaye aweze kutoa dirisha moja na kulirudisha bila kugusa sehemu nyingine za kibanda.